Filamu Isiyo na Dondoo: Jinsi Picha Zinavyobeba Hisia katika Filamu Fupi Sana

Mwalimu mwenzangu, hebu fanya jaribio hili siku moja ukiwa na projekta na umeme wa kuaminika. Waonyeshe wanafunzi wako wa Kidato cha Tatu filamu ya dakika nane hivi ambayo ndani yake hakuna mhusika anayetamka neno hata moja. Ikiisha, wape karatasi na uwaambie waeleze filamu hiyo imejenga hisia gani na kwa njia gani. Mimi nimelifanya zaidi ya mara moja. Filamu inapoendelea, darasa hutulia tuli, na mwishoni hukosi wawili watatu wanaojifanya kwamba wana mafua. Lakini kalamu zinaposhikwa, kimya cha namna nyingine huingia. Baada ya muda mkono mmoja huinuka: "Mwalimu, tutaandika nini na hakuna aliyesema kitu?"

Swali hilo lilinisumbua kwa sababu linatufichua sisi walimu. Tumewalea wanafunzi wetu kwa dondoo. Mtahiniwa huulizwa maneno haya yalisemwa na nani, akimwambia nani, wapi na kwa nini. Akiyajua hayo manne huanza kuhesabu alama zake. Si vibaya, na mtihani wenyewe ndivyo ulivyo. Hata hivyo, mazoea hayo yamemfunza kuitafuta hisia kinywani mwa mhusika tu. Akisoma tamthilia huyaruka maelezo ya jukwaani yaliyowekwa kwenye mabano kwa maandishi ya mlazo, kana kwamba hayo ni ya waigizaji na wala si ya wasomaji. Anapokutana na kazi ambayo yote ni maelezo ya jukwaani, yaani filamu fupi isiyo na mazungumzo, anahisi vizuri kabisa lakini hana njia ya kueleza alichohisi.

Nia ya makala haya ni kumpa njia hiyo. Dai langu ni kwamba katika filamu fupi sana hisia aghalabu haikai usoni mwa mhusika. Hukaa katika kitu fulani tunachokiona, na katika mabadiliko ya kitu hicho kutoka picha moja hadi nyingine, na wewe mtazamaji ndiwe unayeijaza nafasi iliyoachwa baina ya picha hizo.

Tuelewane kwanza kuhusu urefu. Taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar huihesabu kuwa fupi filamu yoyote isiyozidi dakika 40. Hapa ninazungumzia zilizo fupi zaidi, kuanzia chini ya dakika moja hadi kumi hivi, ingawa baadaye nitaazima mfano au miwili ya dakika 20. Mtunzi wa riwaya ana sura nzima za kutuzoesha na mhusika kabla hajamfisha. Mwelekezi wa filamu ya dakika tano hana nafasi hiyo. Huenda jina la mhusika tusilijue, wala kazi yake, wala alikotoka, na bado tunatarajiwa tumwonee uchungu.

Mguu juu ya mpira wa maji

Tarehe 28 Desemba 1895, katika mkahawa wa Grand Café jijini Paris, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu kumi, kila moja ikiwa ya chini ya dakika moja. Mojawapo, inayojulikana kama L'Arroseur arrosé, ina sekunde 45 hivi. Mtunza bustani ananyunyizia mimea maji kwa mpira. Kijana mtundu ananyemelea nyuma yake na kuukanyaga mpira. Maji yanakatika. Mtunza bustani anauinua mdomo wa mpira na kuuchungulia. Kijana anauondoa mguu, na maji yanamrukia yule bwana usoni. Kijana anakamatwa na kuchapwa. Imekwisha.

Mtahiniwa, hapa unayo mbinu unayoijua vizuri: kinaya. Sisi tunajua jambo ambalo mhusika halijui. Lakini angalia kinaya hicho kimejengwa na nini. Kamera imesimama mahali pamoja, mbali kiasi cha kutosha kuwaonyesha watu wote wawili na mpira wote. Tunauona mguu, mtunza bustani hauoni. Ndiyo maana kicheko huanza kabla ya maji kuruka, pale anapouinua mdomo wa mpira. Sasa jaribu kuihamisha kamera ile akilini mwako. Isogeze karibu na uso wa mtunza bustani hadi kijana asionekane kabisa. Tukio ni lilelile na maji ni yaleyale, lakini sasa utashtuka badala ya kucheka. Mwelekezi hakubadilisha kisa, alibadilisha tu kile unachokiona na usichokiona, na hisia ikageuka.

Ukimfundisha mwanafunzi swali hilo moja, "Kamera imeniruhusu nione nini ambacho mhusika hakioni?", umemfunza nusu ya kazi.

Uso usiobadilika

Nusu ya pili ilifanyiwa jaribio nchini Urusi, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917. Mwalimu wa filamu Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji maarufu, Ivan Mosjoukine, uso mtulivu usioonyesha chochote mahususi. Akaiunganisha picha hiyohiyo na picha nyingine tofauti. Filamu yenyewe haikuhifadhiwa. Tunaijua kwa maelezo, hasa ya mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin. Kwa mujibu wa Pudovkin, uso uliunganishwa mara na sahani ya supu, mara na maiti ya mwanamke ndani ya jeneza, mara na msichana mdogo anayecheza. Watazamaji walimsifu mwigizaji. Waliona jinsi alivyoifikiria ile supu, jinsi alivyomlilia marehemu, jinsi alivyomtabasamia mtoto. Uso ulikuwa uleule mara zote tatu.

Kwa hiyo huzuni haikuwa usoni wala jenezani. Ilikuwa katika mshono baina ya picha mbili, na aliyeishona kwa hakika ni mtazamaji. Tunaosoma mashairi tunalifahamu jambo hili kwa jina jingine: mshairi akiweka vitu viwili pamoja bila kueleza uhusiano wake, msomaji huutafuta mwenyewe, na akiupata huwa ni wake. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo sababu mhusika anayelia mno katika filamu fupi hutuacha wakavu. Ameshatufanyia kazi yote, na sisi hatuna tena la kufanya.

Baiskeli na mashua

Filamu ninayoitumia darasani ni Father and Daughter, yaani Baba na Binti, ya mchoraji Mholanzi Michael Dudok de Wit. Ilitoka mwaka 2000 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya michoro. Ina dakika nane na kitu. Hakuna anayesema neno, ila muziki tu, ambao kinanda cha mkono kinasikika ndani yake, pamoja na sauti za upepo, ndege na kengele ya baiskeli.

Kisa chake ni hiki. Baba na binti yake mdogo wanaendesha baiskeli hadi juu ya tuta lililo kando ya maji. Wanaagana. Baba anateremka kuelekea kwenye mashua ya makasia, kisha anageuka, anapanda tena mbio, anambeba mtoto na kumkumbatia. Halafu anaingia mashuani na kupiga makasia hadi anatoweka. Mtoto anangoja. Baba harudi. Mtoto anarudi nyumbani kwa baiskeli yake ndogo, na tangu hapo anakuja tena na tena mahali palepale: akiwa msichana, akiwa kigori na marafiki zake, akiwa na kijana aliyempenda, akiwa na mume na watoto, na hatimaye akiwa bibi kizee peke yake. Kila mara anasimama, anatazama, anaondoka.

Unaona jinsi ilivyo nyepesi kuisimulia. Ukimpa mtu muhtasari huo hatalia. Basi machozi yanatoka wapi?

Jambo la kwanza ni kwamba nyuso hatuzioni karibu kamwe. Wahusika ni wadogo katika picha, mara nyingi ni vivuli tu vyeusi mbele ya anga pana. Hatujui kama binti analia au la. Tunachokiona ni mwili wake: namna anavyoinama akiendesha baiskeli dhidi ya upepo, namna anavyosimama. Wanafunzi hudhani kwamba picha ya karibu ndiyo yenye hisia na ya mbali ndiyo baridi. Hapa ni kinyume chake. Umbali ule ndio unaotuonyesha ukubwa wa maji na udogo wa mtu, na maji hayo ndiyo yaliyomchukua baba. Picha ya karibu ingetuonyesha huzuni ya binti; hii ya mbali inatuonyesha sababu ya huzuni na binti pamoja, sawa na mguu na mtunza bustani katika picha moja.

Jambo la pili ni takriri. Mahali ni pamoja: tuta, miti mirefu, barabara ya baiskeli, maji. Maadamu mahali hapabadiliki, jicho letu hukimbilia kinachobadilika. Baiskeli inakua kadiri mwenyewe anavyokua. Anakuja peke yake, kisha na wenzake, kisha na familia, kisha peke yake tena. Hakuna maandishi yanayotuambia "baada ya miaka kumi". Kwa mwanafunzi aliyezoea kuandika kwamba takriri ni kurudiarudia neno, huu ni wakati mzuri wa kumpanua. Takriri hapa ni ya picha, na kazi yake ni kutupimia muda. Kila anaporudi tunajua kwamba hajasahau, na hatuhitaji aseme.

La tatu ni magurudumu. Yanazunguka filamu nzima, wakati mwingine yakijaza picha. Mtahiniwa mwepesi ataandika mara moja kwamba ni ishara ya mzunguko wa maisha, na hatakuwa amekosea, lakini jibu hilo ni la rafuni na linaifaa kila gurudumu duniani. Nimwulizapo gurudumu hili linafanya nini hapa, hulazimika kutazama tena. Baiskeli ndiyo iliyomfikisha baba kwenye tuta. Ndiyo inayomrudisha binti kila mara. Na bibi kizee anapofika kwa mara ya mwisho, anajaribu kuisimamisha baiskeli yake nayo inaanguka. Anaiinua, inaanguka tena. Anaiacha pale chini. Kwa miaka yote baiskeli imekuwa njia ya kuja na ya kurudi nyumbani. Ikilazwa chini na kuachwa, tunajua kabla yake yeye kwamba safari hii hakuna kurudi. Tazama jinsi jambo zito kiasi hicho lilivyotamkwa kwa kitu kidogo kiasi hicho, na tena kwa namna inayokaribia kuchekesha.

Kisha anateremka. Na maji hayapo. Yamekauka, pameota majani marefu. Hapa nieleze kidogo, kwa maana wanafunzi wetu huweza kudhani ni ukame. Uholanzi ni nchi iliyopigana na bahari kwa karne nyingi kwa kujenga matuta. Mwaka 1932 lilikamilika tuta la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, likaifunga ghuba ya Zuiderzee, na baadaye sehemu kubwa za ghuba hiyo zikakaushwa zikawa mashamba na miji. Mholanzi wa umri fulani anajua kwamba palipokuwa na maji huweza kugeuka kuwa nchi kavu katika uhai wa mtu mmoja. Kwa hivyo picha ile si ndoto tu kwake. Ina mizizi katika ardhi yake. Na kwa mtu yeyote inasema kwamba binti amengoja muda mrefu kuliko maji yenyewe yalivyodumu.

Katikati ya majani anaikuta mashua, nusu yake imezikwa mchangani. Anaingia na kujikunyata ndani yake. Anapoinuka anaona kitu, anaanza kwenda, anakimbia, na kadiri anavyokimbia ndivyo umri unavyomvuka, hadi anakuwa kijana tena. Baba amesimama mbele yake. Wanakumbatiana.

Je, amekufa? Wanafunzi hubishana sana kuhusu hilo, nami huwaacha wabishane. Je, baba alizama, alihama, alikwenda vitani? Filamu haijibu. Mwelekezi huyuhuyu baadaye alitengeneza filamu ndefu isiyo na mazungumzo, The Red Turtle ya mwaka 2016, nayo ina mapengo ya namna hii. Binafsi naona kwamba katika Baba na Binti pengo hilo ni la lazima, kwa kuwa mtoto mwenyewe hakujibiwa. Sisi tunabaki tukijua kile tu anachokijua yeye.

Nishani na jasho

Huenda ukauliza, mwalimu, kama hayo yote ni ya Wazungu. Sivyo. Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal alitoa Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi kuhusu mwenye mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera, na filamu hii ina maneno: tunasikia mawazo ya mhusika yakisomwa. Lakini pale kinapofikia kilele, kitu ndicho kinachosema. Mwenye mkokoteni ameingia mtaa wa matajiri asiporuhusiwa na mkokoteni wake, na polisi amemsimamisha. Anapotoa karatasi zake, nishani inaanguka chini, na polisi anaikanyaga. Dola ilimpa heshima kwa chuma kile, na sasa buti la dola liko juu yake. Ukitaka kufundisha kinaya cha hali bila hotuba, tumia mguu huo. (Angalia pia kwamba ni mguu kwa mara ya pili katika makala haya. Ule wa Paris ulichekesha.)

Hapa nyumbani, Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, yenye dakika 20 na kitu, kuhusu dunia ya baadaye isiyo na maji, ambamo hata jasho husafishwa linywewe. Kwa kuwa tumeshajifunza katika dakika za mwanzo kwamba kila tone ni uhai, Asha anapoumwagilia mche maji yake ya mwisho pamoja na jasho lake huko jangwani, hatuhitaji kuambiwa kwamba anatoa nafsi yake. Thamani ya kitu imepandwa mapema, ikavunwa mwishoni.

Vikombe viwili

Niseme sasa yaliyotupata sisi, kwa sababu nadharia bila kosa haina chumvi. Mwaka mmoja wanafunzi wangu walitengeneza filamu ya dakika tano kwa ajili ya mashindano. Kisa kilikuwa cha msichana ambaye mama yake amekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Kamera ilikuwa ya simu. Katika toleo la kwanza msichana aliketi kitandani akalia kwa muda wa dakika nzima, uso ukijaza picha, na muziki wa huzuni chini yake. Mwigizaji alilia kwelikweli, maskini. Tulipoionyesha shuleni jioni ya Jumamosi, ukumbi ulicheka. Msichana yule alitoka nje, na mimi sikuwa na la kumwambia, kwa maana mimi ndiye niliyemwambia alie zaidi.

Tuliirudia. Tukaitoa dakika yote ya kilio tukaweka hivi: asubuhi, mikono ya msichana inapanga vikombe viwili mezani. Inamimina chai katika cha kwanza, kisha cha pili. Inasita. Chai ya kikombe cha pili inarudishwa ndani ya chupa, polepole isimwagike. Uso hatuuoni. Karibu na mwisho wa filamu tunaiona meza ileile, na kikombe cha pili sasa kimetiwa kalamu. Hayo hayafiki sekunde 30 yote kwa pamoja. Tulipoionyesha tena ukumbi ule haukucheka.

Hatukufuzu, lakini. Mwamuzi mmoja aliandika kwamba dhamira haikujitokeza waziwazi. Nilikasirika kwa wiki nzima, kisha nikaitazama filamu tena nikaona kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Tulikuwa tumetoa kilio pamoja na maelezo, na hapakubaki picha hata moja ya kuonyesha kwamba mama amesafiri kutafuta kazi. Angeweza kuwa amekufa. Katika Baba na Binti kutojua ndiko hisia yenyewe. Katika yetu, suala lilikuwa kazi ya ughaibuni, na mtazamaji asiyelijua hilo amekosa kisa. Picha moja tu ingetosha, tuseme cheti cha usafiri mezani kando ya vikombe hivyohivyo siku ya kuondoka. Mwalimu unayeandaa wanafunzi kwa ajili ya mashindano, jiulize kuhusu kila pengo: je, nimeliacha kwa makusudi, au nimelisahau?

Kwa mtahiniwa

Turudi kwenye karatasi tupu tuliyoanza nayo. Swali ninalowapa ni hili: "Eleza jinsi mwelekezi anavyotumia baiskeli kujenga hisia katika filamu ya Baba na Binti." Jibu dhaifu, ambalo nimelisoma mara nyingi, huwa hivi: "Mwelekezi ametumia taswira ya baiskeli. Baiskeli ni ishara ya maisha. Hii inaleta hisia za huzuni kwa hadhira." Sentensi tatu, na hakuna hata moja iliyotazama filamu. Weka "mto" au "saa" mahali pa "baiskeli" na jibu halibadiliki.

Linganisha na hili: "Baiskeli inaonekana kila binti anaporudi kwenye tuta. Mwanzoni ni ndogo, kisha inakuwa kubwa, na kwa hiyo tunapima miaka aliyongoja bila kuambiwa. Mwishoni inaanguka kila anapoisimamisha, naye anaiacha. Kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikimrudisha nyumbani kila mara, tunahisi kwamba safari hii hatarudi." Jibu hili limetaja kitu, likataja mahali kinapoonekana, likataja kilivyobadilika, na mwisho kabisa ndipo likataja hisia. Mpangilio huo huo utakufaa katika hadithi fupi. Ukikuta katika hadithi kiti, kanga au redio iliyotajwa zaidi ya mara moja, rudi uone iko wapi mara ya kwanza na iko wapi mara ya mwisho, kabla hujaandika neno "taswira". Katika tamthilia, soma maelezo ya jukwaani kwa kalamu mkononi.

Yule msichana aliyeniuliza wataandika nini na hakuna aliyesema kitu alichelewa kukabidhi karatasi yake siku hiyo. Alikuwa ameandika hoja moja tu, nayo haikuhusu baiskeli. Aliandika kwamba baba aliteremka tuta, akageuka, akapanda tena kumkumbatia mtoto, na kwamba mtu anayejua kuwa atarudi jioni hapandi kilima mara mbili. Hoja hiyo haikuwamo katika mwongozo wangu wa kusahihisha. Nimeiongeza.